Birika la Shaba Kwenye Karamu ya Mfalme

Binti yangu alipiga simu Jumatano mchana, saa ambayo simu yangu hupigwa na wafanyabiashara wanaotaka kuja kunisafishia mifereji ya hewa ya moto ya kupashia nyumba, basi. Nikaiacha ilie. Halafu nikaona jina lake kwenye kioo, nikaivamia kwa pupa, nusura chai imwagikie kompyuta ya kazi.

"Dad, do you still have Mama's birika?"

Hakuna salamu. Mama yake alimfundisha shikamoo kabla hajajua kuhesabu, lakini tangu akue, shikamoo imekuwa ya Idd na ya misiba. Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kusengenyana, ila akifungua kinywa kinatoka Kiingereza. Hilo nimelizoea. Kilichonishtua ni lile neno la mwisho. Sikuwa nimelisikia kwa sauti ya mtu tangu mama yake afariki.

"Ninalo," nikasema. "La nini?"

Akaniambia kwa Kiingereza kwamba kuna karamu. Nikauliza ya nani. Ya mfalme, akasema. Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Birika lenyewe ni la shaba, lina shingo ndefu na mdomo uliopinda, na tasa lake la kupokelea maji lina kifuniko chenye matundu, ili mgeni asiyaone maji machafu ya aliyenawa kabla yake. Lilikuwa la bibi yake mke wangu, huko Tanga. Tulipohamia Kanada wenzetu walijaza masanduku makoti na blanketi; yeye akalifunga birika na tasa lake kwenye kanga mbili, akalipakata ndani ya ndege mpaka tukatua. Nilimgombeza njia nzima. Nilimuuliza kama anadhani Toronto hakuna mabomba. Lakini kila tulipopata wageni, hapa hapa kwenye ghorofa yetu ya Flemingdon Park, alizunguka nalo: tasa mkono wa kushoto, birika mkono wa kulia, taulo limelazwa juu ya mkono. Alianza na mkubwa kwa umri, akamalizia kwa watoto. Wageni wote wakishanawa ndipo alipokuja kwangu, na mimi nikishanawa nilimpokea birika nikamnawisha yeye. Sisi wenye nyumba tulikuwa wa mwisho. Mara ya mwisho lilitumika kwenye hitima yake mwenyewe. Watu walipoondoka nililipandisha juu ya friji, na huko likakaa likiota kutu ya kijani.

Sasa lazima niieleze hiyo karamu, maana msomaji atadhani nina wazimu. Binti yangu ni mtu mzima, anafanya kazi ya maabara, na amepanga chumba cha chini kwenye nyumba ya watu kule Agincourt. Miaka kadhaa iliyopita alijiunga na kundi la watu ambao mara moja kwa mwezi huishi katika Zama za Kati. Sitanii. Wanajishonea nguo za kitani kwa mkono. Wanapika vyakula visivyo na nyanya wala viazi, kwa sababu Ulaya ya wakati ule haikuwa na vitu hivyo. Wanachagua mfalme, wanampigia magoti, wanapigana kwa mapanga yasiyokata, na Jumatatu wanarudi makazini kama hakuna kilichotokea.

Wala si wao peke yao, mji mzima umeambukizwa. Nimewahi kukaa kwenye treni ya chini ya ardhi karibu na kijana aliyevaa joho na kukumbatia upanga wa mpira, na hakuna aliyemgeukia. Kazini, kwenye mikutano yetu ya kompyuta, watu huanza kwa kujadili tamthilia za mazimwi na wafalme wanaosalitiana kabla hatujafika kwenye bima, ambayo ndiyo kazi yetu. Mwenzangu mmoja alituletea picha za ukumbi ambamo unakula huku watu wanakimbizana juu ya farasi kwa mikuki. Alichofurahia kuliko farasi wote ni kwamba hawakupewa uma. Walikula kuku kwa mikono! Alilisema hilo kama mtu aliyepanda mlima. Nilizima kamera nicheke vizuri.

Mimi nimezaliwa Kilwa Masoko. Kisiwani, ng'ambo yetu, kuna magofu ya karne zile zile wanazozililia hawa: msikiti wenye kuba, jumba la sultani lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Walimu walitupeleka huko mara moja, tukakaa juu ya kuta tukala mihogo ya kuchemsha. Hakuna hata mmoja wetu aliyetamani kuvaa kama sultani. Tuliambiwa mle mna mashetani, tukaogopa, tukarudi nyumbani. Kwa hiyo nilipowaona watu wazima wa Toronto wakijifungia ukumbini kujifanya watu wa kale, niliona ni ulimbukeni tu. Na nilipojua kwamba binti yangu ni mmoja wao, nilikasirika. Mke wangu akaniambia nimwache mtoto, angalau hayuko baa.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akipiga simu. Aliongea na binti yetu kila Jumapili, simu iko kwenye spika juu ya meza ya jikoni, yeye anakatakata vitunguu, na mimi nasalimiwa kwa mbali. "Baba yako hajambo," alikuwa akisema, na mimi ninapita na kikombe changu. Sikujua kwamba uhusiano wangu wote na mwanangu ulikuwa unapitia kwenye ile sentensi. Alipofariki, simu za Jumapili ziliendelea kidogo, kisha zikawa fupi, kisha zikawa ujumbe wenye kidole gumba. Hatukugombana. Ingekuwa tumegombana ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Ilikuwa tu kwamba hatuna la kusema, na kila nikikata simu nilibaki nimeishika mkononi, nina hofu hasa, kwamba huyu mtoto naye ananiponyoka na mimi nimekaa.

Basi nikaamua kusoma. Nilikwenda maktaba ya hapa mtaani nikaazima vitabu vya Zama za Kati, vikubwa, vyenye picha za ngome na tauni. Nikavisoma jioni nzima nzima na kalamu ya risasi mkononi. Nikampigia.

"Ulijua," nikamwambia, "kwamba watu wa wakati ule walikuwa hawaogi kabisa?"

"That's a myth, Dad."

Nikarudi vitabuni. Safari iliyofuata nilimwambia kwamba mashujaa wao walikuwa wazito kwa chuma hata ikabidi wapandishwe juu ya farasi kwa winchi.

"Also a myth," akasema. Kisha, kwa huruma nadhani, akanieleza kwamba hata mtaa anaokaa umeitwa jina la vita vya zama hizo, ambapo wapiga mishale kwenye tope waliwashinda wapanda farasi waliojaa vyuma. Mimi miaka yote nilikwenda Agincourt kununua muhogo na samaki nguru. Sikujua kwamba nanunua samaki kwenye jina la vita. Nilicheka, naye akacheka. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote mwaka ule.

Alipolitaka birika, roho iliniuma. Chombo kilichowanawisha watu kwenye hitima ya mama yake kinakwenda kuwa kitu cha kuchezea! Ulimi uliniwasha kukataa. Lakini nikafikiri: akilitaka, itabidi aje. Nikamwambia aje Ijumaa.

Ijumaa nilipika tangu asubuhi. Pilau, mchuzi wa nazi wa samaki, kachumbari. Nikatandika meza ya watu wawili. Alipoingia alivua kiatu kimoja tu.

"Dad, I can't stay. Someone's waiting downstairs, parked badly."

Nikampa birika na tasa ndani ya mfuko wa duka. Akachungulia, akapitisha kidole kwenye ile kutu ya kijani, akanitazama kidogo. Kisha akasema ningeweza kuja, kama nataka. Karamu ni kesho mchana. Ila mlangoni hawamwingizi mtu bila nguo za zamani. Akavaa kiatu chake akaondoka. Nilikula pilau nimesimama karibu na sinki, kama ninavyokula siku zote, nikanawa bombani.

Sina nguo za zamani. Nina kanzu. Niliivaa, na kofia yangu ya kufuma, nikavaa koti kubwa la baridi juu yake, nikapanda basi kwenda Eglinton na kuunganisha hadi Downsview, kanzu inachungulia chini ya koti na theluji inaichafua pindo. Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa moja nyuma ya maghala. Nje magari ya kawaida na pipa la taka. Ndani bendera ukuta mzima, meza ndefu zilizotandikwa vitambaa, zumari, na watu wa kila rangi waliojifunga mishipi na vilemba na mapanga. Mfalme alikuwa daktari wa meno. Nililijua hilo kwa sababu aliyenipokea mlangoni aliniambia kwa fahari.

Huyo wa mlangoni aliniangalia kanzu juu mpaka chini. Alishika ukosi, akaisifu nakshi, akaniuliza ni ya karne gani.

"Ya Idd iliyopita," nikasema.

Akaandika kitu, akanipitisha.

Walinikalisha kwenye kiti cha mwanzo cha meza ya pembeni, karibu na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyevaa shati la vipete vya chuma. Binti yangu nilimwona mbali, amevaa gauni refu la bluu na kitambaa kichwani kilichofungwa chini ya kidevu, akikimbia huku na huko. Alinipungia mkono akatoweka jikoni. Nikabaki na vidole vyangu. Watu waliniinamia, nikawainamia. Sikuwahi kujiona mgeni kiasi kile hata siku tulipotua.

Yule mzee ndiye aliyeniokoa. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba shati lake amelitengeneza mwenyewe, kipete kwa kipete, kwa koleo, mbele ya televisheni iliyozimwa sauti, baada ya mkewe kufa. Alinionyesha kwapani alipokosea. Nikamuuliza, kwa adabu, kwa nini hasa wanayapenda mambo haya. Nilitegemea aniambie habari za ushujaa. Akafikiri, akatazama zile meza ndefu.

"Nyumbani nakula nimesimama, kando ya sinki," akasema. "Hapa hakuna mtu anayeruhusiwa kula peke yake. Sahani moja watu wawili. Ndiyo sheria."

Nilikuwa nimeguswa mahali ambapo sikutaka mtu apaguse, tena mtu aliyevaa chuma. Lakini tangu hapo niliutazama ule ukumbi kwa jicho jingine. Mapanga yalikuwa yameegemezwa ukutani na hakuna aliyeyajali. Walichokuwa wakikifanya kwa bidii ni kupangana: nani akae na nani, nani amsalimie nani kwanza, nani ampe nani mkono. Mambo ambayo kwetu Kilwa hufanyika bila mtu kuyafikiria, wao wameyafukua vitabuni na kuyashonea nguo. Nilijisikia vibaya kwa kucheka kwangu, na wakati huo huo nilimkumbuka mke wangu vibaya sana.

Zumari ikanyamaza. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, na binti yangu akatoka na birika.

Alikuwa amelisugua. Liling'aa kama siku za wageni. Tasa mkono wa kushoto, birika mkono wa kulia, taulo juu ya mkono, magoti yamekunjwa kidogo ili maji yasimrukie mtu. Hilo hakulisoma kitabuni. Alikuwa akimtazama mama yake, miaka yote ile tulipodhani anatazama katuni. Akapita mbele ya meza ya mfalme bila kusimama, akazunguka, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akainama.

Na mimi, bila kufikiri, nikafanya lililo kawaida ya nyumbani kwangu. Aliyeshika birika ni mwanangu. Basi mimi ni mwenyeji. Mwenyeji hanawi kabla ya wageni.

"Anza na wageni, mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, nikarudisha mikono yangu mapajani.

Ukumbi mzima ulikuwa ukitutazama. Alisimama palepale, birika limeinama, tone moja likaangukia kanzu yangu. Uso wake ulibadilika. Kisha akageuka, akaenda kwa mfalme.

Yule mzee akanisogelea. "Ilikuwa heshima yako," akanong'ona. "Kwa kawaida wa kwanza ni mfalme. Aliomba ruhusa ili leo wa kwanza awe baba yake. Mwezi mzima hatuna habari nyingine ila hiyo."

Niliomba sakafu ipasuke. Nimeletewa mbele za watu kitu nilichokuwa nikikitafuta kwenye vitabu vya maktaba, na nimekifukuza kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwangalia akizunguka, meza hadi meza, akimwaga maji, akipokea shukrani, na hata mara moja hakugeuza macho upande wangu. Kuku wakaletwa, mikate ikaletwa, watu wakaanza kula na kucheka. Yule mzee akaniwekea paja la kuku kwenye sahani yetu. Sikuligusa. Mikono yangu ilikuwa bado mapajani.

Alipomaliza meza ya mwisho alisimama mlangoni mwa jikoni, akanitazama, akaitazama sahani. Akaja.

"Dad. Eat."

"Sijanawa," nikasema. "Mimi na wewe ni wa mwisho. Si ndivyo?"

Niliona lilivyomwingia. Alifumba macho kidogo, na nikajua anaiona meza yetu ya Flemingdon Park, wageni wameshanawa, na mama yake anakuja na birika jepesi lililobakiwa na maji ya watu wawili. Alipofumbua yalikuwa yamelowa. Akainama, nikanyoosha mikono, akaninawisha, maji ya vuguvugu, pole pole, mpaka kwenye vifundo. Nikajifuta. Kisha nikampokea birika nikamnawisha yeye. Yalikuwa yamebaki maji kidogo tu, nikayabana yatoshe.

Yule mzee, Mungu ampe heri, akainuka na kikombe chake akasema anakwenda kumsalimia mfalme. Binti yangu akakaa mahali pake. Tukala sahani moja. Alinichagulia minofu akaisogeza upande wangu, kama mama yake.

Karamu ilipoisha nilimkuta kwenye chumba cha makoti, amevua kile kitambaa cha kichwani na analifunga birika ndani yake. Nje, kwenye dirisha dogo la juu, miguu ya watu ilikuwa ikipita kuelekea kwenye magari.

"Dad," akasema bila kuinua kichwa. "Can I keep it?"

Ni lake. Litakuwa la nani mwingine? Neno la kukubali lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nililiona birika likienda Agincourt, na nikapaona juu ya friji yangu pako patupu, na nikatambua kwamba kwenye nyumba yangu hakuna kitu kingine ambacho mwanangu anakihitaji.

"Hapana," nikasema.

Uso ukamshuka.

"Nakuazima," nikasema. "Karamu ikiisha, unalirudisha. Ukilitaka tena, unakuja kulichukua."

"Every month?"

"Kila mwezi. Na lirudi limesuguliwa."

Akanitazama, muda, jinsi anavyoweza kutazama mtu wa maabara. Akalifunga fundo la mwisho, akalipakata kifuani kama mama yake ndani ya ndege.

"Basi uwe unapika, Baba," akasema.